Fundi anasema Linux imeua Windows yangu. Je, nifute diski yote?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni. Nina HP EliteBook 840 G5 ya mtumba, niliinunua Kariakoo ikiwa tayari na Windows 11. Wiki iliyopita niliamua kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pembeni bila kuiondoa Windows. Nilipunguza diski C kwa GB 60 nikiwa ndani ya Windows, kisha nikawasha kwa flashi. Chaguo la kuiweka kando ya Windows halikutokea, kwa hiyo nikachagua 'Something else' nikaielekeza kwenye ile nafasi tupu. Ikamaliza vizuri, lakini nilipowasha tena ikaingia Windows moja kwa moja kama vile sikufanya kitu, ila saa ya Windows ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Nikasoma kwamba tatizo ni Secure Boot, nikaingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) nikaizima. Tangu hapo kila nikiwasha napata skrini ya bluu inayotaka 'recovery key' ya tarakimu 48, na mimi sijawahi kupewa ufunguo wowote. Fundi wa hapa kwetu anasema Linux imeua Windows, dawa ni kufuta diski yote na kupiga Windows upya. Tasnifu yangu yote imo humo. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, pole sana. Kabla ya yote, usimruhusu mtu yeyote aformati hiyo diski. Kwa maelezo uliyotoa, tasnifu yako ipo, Windows ipo, na Linux Mint nayo kwa uwezekano mkubwa ipo na imekaa inavyotakiwa. Mambo matatu tofauti yamekujia kwa mpigo, ukayaona kama ugonjwa mmoja: mashine kung'ang'ania kuanza na Windows, kufuli la BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba diski) kujifunga, na saa kupishana. Kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kupiga Windows upya.

Nianze na hilo la Linux kuua Windows, maana ndilo linaloweza kukupotezea tasnifu. Fundi wako hakudanganyi kwa makusudi. Anayoyasema yalikuwa kweli kwenye mashine za zamani, ambako programu ya kuwashia mfumo ilikaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512, na programu yenyewe iliachiwa 446 tu. Palikuwa na nafasi ya mmoja. Ukiweka Linux, inaandika juu ya ile ya Windows. Ukirudisha Windows, nayo inafanya vivyo hivyo. Mafundi wengi walijifunzia kazi kwenye mashine hizo, na kanuni ya "futa yote uanze upya" ikawakaa mikononi.

Mashine yako inatumia UEFI, yaani njia mpya ya kuwasha mashine, na huko utaratibu ni mwingine. Kwenye diski kuna sehemu ndogo, mara nyingi ya MB 100 hadi 260, iitwayo EFI System Partition. Ndani yake kila mfumo una folda yake: Windows iko kwenye EFI\Microsoft, Linux Mint iko kwenye EFI\ubuntu. Haziandikiani juu. Kisha kwenye ubao wa mashine kuna kumbukumbu inayotunza orodha ya mifumo na nani atangulie. Mint ilipomaliza iliweka folda yake na kuongeza jina lake kwenye orodha hiyo. Lakini baadhi ya mashine, za HP zikiwemo, zina mazoea ya kurudisha "Windows Boot Manager" juu ya orodha hata kama mfumo mwingine umejiweka wa kwanza. Ndiyo maana uliingia Windows moja kwa moja. Mint haikuua kitu, na haikufa. Imepangwa ya pili tu.

Secure Boot haihusiki na mpangilio huo. Kazi yake ni kukagua kama programu ya kuwashia mfumo ina sahihi inayotambulika. Linux Mint huanza na programu ndogo iitwayo shim, ambayo imesainiwa kwa ufunguo wa Microsoft, kwa hiyo matoleo ya sasa ya Mint huwaka na Secure Boot ikiwa imewashwa. Ushauri wa kuizima ulikuwa na maana miaka ya nyuma, na hadi leo unarudiwa hovyo bila anayeutoa kuuliza kwanza kama diski ina BitLocker. Kwako ndio uliozaa skrini ya bluu.

Sasa tuongee kuhusu BitLocker kwa utulivu. Diski yako ya C imesimbwa: kila kilichomo kimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo. Hata lile chaguo la kuweka Mint kando ya Windows lilikosekana kwa sababu hiyohiyo, kwani kisakinishi hakiwezi kupunguza sehemu ambayo hakiwezi kuisoma. Siku zote ulikuwa unaingia bila kuulizwa kwa sababu ufunguo unatunzwa ndani ya kichipu cha TPM kilichoko kwenye ubao wa mashine. Kichipu hicho ni kama mlinzi wa getini aliyepewa maelezo ya sura ya mwenye nyumba: kila asubuhi anamtazama, akiridhika anafungua, hamwulizi kitu. Hali ya Secure Boot ni sehemu ya sura hiyo. Ulipoizima, sura ilibadilika, mlinzi akakataa, na Windows ikabaki na njia moja tu ya kuthibitisha kuwa wewe ni mwenye mali: zile tarakimu 48.

Maana yake ni kwamba ukirudisha sura ya zamani, kwa kawaida mlinzi atafungua mwenyewe bila ufunguo wowote. Hilo ndilo la kujaribu kwanza. Zima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Iwashe huku ukibonyezabonyeza Esc mpaka menyu itokee, kisha F10 uingie BIOS. Nenda Advanced, halafu Secure Boot Configuration. Kwenye mfululizo huu wa EliteBook utakuta machaguo matatu yanayofanana sana: moja linawasha Legacy (ile njia ya zamani ya kuwasha mashine) na kuzima Secure Boot, moja linazima vyote viwili, na moja linasema "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable". Chagua hili la mwisho, kisha hifadhi na utoke. Mashine itajizima na kujiwasha, halafu itakuonyesha ujumbe wenye namba ya tarakimu nne ikikutaka uiandike na kubonyeza Enter ili kuthibitisha mabadiliko. Soma vizuri na uiandike. Wengi hawausomi ujumbe huo, wanabonyeza kitufe chochote, mabadiliko hayahifadhiwi, halafu wanaamini mashine imegoma. Kama kwenye BIOS ulibadilisha na kitu kingine chochote, hata kidogo, kirudishe nacho.

Ikiingia Windows, usifungue kitu kingine. Chomeka flashi, nakili tasnifu yako yote, kisha ijitumie kwa barua pepe au iweke kwenye Google Drive. Nakala mbili mahali pawili, siku hiyohiyo. Baada ya hapo tafuta "cmd" (dirisha la kuandikia amri) kwenye menyu ya Start, ubofye kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona mstari wa "Numerical Password" na chini yake tarakimu zako 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Ziandike kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta. Usizihifadhi kwenye diski hiyohiyo.

Na kama bado inadai ufunguo? Hapo itabidi uutafute, na kuna sababu ya kuwa na matumaini. Kama hukuwasha BitLocker kwa mkono wako, basi inaelekea ilijiwasha yenyewe, na usimbaji huu wa kujiwasha haufungi kufuli mpaka nakala ya ufunguo iwe imepelekwa kwenye akaunti fulani ya Microsoft, au ya ofisi au chuo. Kwa hiyo ufunguo uko mahali. Swali ni akaunti ya nani. Kwa kutumia simu, fungua aka.ms/myrecoverykey na uingie kwa barua pepe uliyotumia kwenye Windows. Skrini ya bluu inaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Linganisha herufi zake nane za mwanzo na orodha utakayoiona. Jaribu kila barua pepe uliyowahi kuwa nayo, pamoja na ya chuo. Usipoupata, rudi kwa aliyekuuzia. Wauzaji wengi wa mtumba huwasha mashine mara ya kwanza kwa akaunti ya duka ili kuikagua, na ufunguo hubaki huko. Mpigie, mtajie kitambulisho hicho, umwombe aangalie.

Sitakuficha sehemu ngumu. Ufunguo usipopatikana kabisa, na kurudisha BIOS kukashindikana, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Marekani anayeweza kuifungua diski hiyo, na Microsoft wenyewe hawana nakala ya pembeni ya kukupa. Hii ndiyo sababu nakusihi diski isiformatiwe. Diski ya kawaida ikifutwa kwa bahati mbaya, mara nyingine mafaili hufufuliwa kwa programu maalumu. Diski ya BitLocker ikifutwa, hata taarifa za kufuli lenyewe hupotea, na programu ya kufufua haitakuta chochote cha maana. Leo ufunguo ukipatikana, tasnifu inafunguka. Baada ya kupiga Windows upya, hata ukiwa na ufunguo mkononi hautakuwa na kufuli la kufungua.

Ikitokea ufunguo unao lakini Windows yenyewe inasumbua kuwaka, usihangaike nayo. Washa kwa ile flashi ya Mint bila kusakinisha, fungua kidhibiti mafaili, bofya diski ya Windows, na ukiombwa nenosiri weka zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Linux ya sasa inasoma diski za BitLocker. Nakili unachohitaji kwenye flashi nyingine.

Tasnifu ikishakuwa salama, ndipo turudi kwa Mint. Zima mashine, iwashe kwa kubonyezabonyeza Esc, kisha F9. Utaona orodha ya vitu vinavyoweza kuwashwa. Usitafute neno "Linux Mint", hutaliona. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na hujiandikisha kwa jina la "ubuntu". Chagua hilo. Wapo waanzaji wengi waliosakinisha mara mbili au tatu kwa sababu tu walikuwa wanatafuta jina lisilokuwepo. Ikiwaka, kazi yako ya wiki iliyopita ilifanikiwa tangu siku ya kwanza.

Kama "ubuntu" haimo, basi pengine flashi iliwashwa kwa njia ya Legacy wakati Windows iko kwenye UEFI, na mifumo miwili iliyowekwa kwa njia tofauti haionani. Washa tena kwa flashi, safari hii ukichagua ile yenye neno UEFI kwenye menyu ya F9, fungua terminali (dirisha la amri la Linux) uandike:

ls /sys/firmware/efi

Ukiona majina ya mafaili, uko kwenye UEFI. Ukiambiwa hakuna folda hiyo, bado uko Legacy. Ukiwa UEFI, fungua programu ya Boot Repair iliyomo ndani ya flashi ya Mint na ufuate urekebishaji unaopendekezwa. Usiiendeshe kabla hujawa na ufunguo na nakala za tasnifu.

Je, uifanye Mint itangulie, ili kila ukiwasha upate menyu ya kuchagua? Inawezekana. Kwenye BIOS unaweza kusogeza "ubuntu" juu, au ukiwa ndani ya Mint ukaandika sudo efibootmgr kuona namba za orodha na kuipanga upya kwa -o. Pia utakutana na wanaoshauri amri ya bcdedit inayobadilisha njia ya Windows Boot Manager ielekee kwa Mint. Kwako siishauri. Ukiiwasha Windows kwa kupitia menyu ya Mint, TPM inaona njia imebadilika na mara nyingi BitLocker itadai tena tarakimu 48. Maadamu unaandika tasnifu, mimi ningeiacha Windows itangulie, na kila nikitaka Mint nibonyeze F9. Ni usumbufu wa sekunde chache, na unakuepusha na skrini ya bluu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Njia nyingine ni kuuzima usimbaji kabisa, kwenye Settings, Privacy & security, Device encryption, au kwenye Control Panel kama Windows yako ni Pro. Hapo menyu ya Mint itafanya kazi bila maswali na Mint itasoma diski C moja kwa moja. Lakini mwanafunzi anayepanda daladala na kompyuta begani afikirie mara mbili: ikiibwa, kila kilichomo kinasomeka. Ningeubakiza. Kumbuka pia kuwa sehemu ya Mint haijasimbwa isipokuwa uliomba hivyo wakati wa kusakinisha, kwa hiyo nyaraka nyeti zisikae huko. Na siku nyingine ukitaka kugusa BIOS, anza kwa kusimamisha kufuli kwa muda kwa chaguo la "Suspend protection", ndipo uingie.

Ukiwa ndani ya Windows fanya na hili moja: zima Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibofya "Shut down" Windows haizimiki kabisa. Inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwahi kuwaka kesho yake. Linux ikiikuta diski katika hali hiyo, ama itakataa kuifungua au itaruhusu kusoma tu. Kwenye ile cmd ya msimamizi andika powercfg /h off, basi.

Saa ndiyo rahisi kuliko yote. Windows huamini saa ya kwenye ubao ni saa ya hapa nyumbani. Linux huamini ni saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo Linux ikishairekebisha kwa kutumia intaneti, Windows inajikuta nyuma kwa saa tatu kamili. Msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi ataona saa mbili, wa Muscat ataona nne. Ukiwa ndani ya Mint andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakuonya kuwa haipendekezwi. Onyo hilo linahusu hasa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Endelea tu.

Huko mbeleni, ukikutana na maneno "Verifying shim SBAT data failed" Mint ikikataa kuwaka, usishtuke. Sasisho la Windows la Agosti 2024 liliwakumba watu wengi wenye mifumo miwili kwa namna hiyo. Halikugusa mafaili ya mtu. Kwa hali hiyo kweli huwa tunazima Secure Boot kwa muda, ila baada ya kuisimamisha BitLocker kwanza.

Wakati wa kwenda kwa mtu ana kwa ana ni huu: BIOS ikidai nenosiri usilolijua, kwa kuwa mashine nyingi za aina hii zimetoka maofisini ng'ambo na huja na nenosiri la ofisi ya zamani, skrini ya kuingilia ikitaja jina la kampuni usiyoifahamu (hapo rudi kwa muuzaji upesi), diski ikianza kupotea kwenye orodha ya F9 au mashine ikijizima yenyewe, au ukiwa na ufunguo lakini unakataliwa. Ukimpelekea fundi, mwambie kwa maneno haya: "Diski ina BitLocker. Nataka data tu. Usiformati, usipige Windows, usibadilishe ubao." Muulize kabla hujamkabidhi kama amewahi kufungua diski ya BitLocker kwa ufunguo. Akisema hakuna tofauti na diski ya kawaida, chukua kompyuta yako utafute mwingine. Na akikubali, kaa naye mpaka mafaili yaonekane kwenye flashi yako, uyafungue moja moja, uone kurasa za mwisho ulizoandika zimo.